Nyuzi 20 za Changamwe

Tangu 1931 wakubwa wa vipimo duniani wamekubaliana kwamba urefu halali wa kitu ni ule wa joto la nyuzi 20. Ni dhahiri hakuna kati yao aliyewahi kushinda Changamwe mwezi wa Machi, chini ya paa la mabati.

Kazi yenyewe, kuisimulia, ni rahisi. Mashine yetu ya kubana ina kihisi kinachofuata mwendo wa pistoni: bomba lenye koili tatu, na ndani yake kiini cha chuma kinachoteleza. Kiini kikisogea, koili mbili za pembeni hupata umeme usiolingana. Tofauti hiyo huingia kwenye kisanduku kinachoikuza na kuitoa kama volti: sifuri pistoni ikiwa nyuma kabisa, 10 ikimaliza milimita 50. Kisanduku kina skrubu mbili, ya sifuri na ya upeo, nazo ni kama wapangaji wawili wenye mita moja ya stima. Ukimtuliza huyu, yule anagonga mlango.

Maikromita ya kuhakikishia tuliazima kwa fundi wa Likoni. Kijana aliyeileta alihofia wezi kwenye msongamano wa feri, akaifutika kiunoni, ikafika na joto la mtu. Tukailaza kando ya kihisi juu ya bamba la chuma, tukakaa. Vikishakuwa na joto moja, vyuma hurefuka pamoja, hakuna anayemchongea mwenzake.

Meneja akapita.

“Mnangoja nini?”

“Chuma kipoe, bosi.”

“Kwani mnapika?”

Nikampigia hesabu: chuma cha milimita 50, kikizidi nyuzi 20 kwa nyuzi 12, hurefuka mikroni 7 hivi, kama sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Akanitazama kichwani, ambako nywele zenyewe zimebaki za kuhesabu, akaenda zake.

Tulipoanza tu, jirani naye akawasha mashine ya kuchomelea. Laini ya stima ni moja. Kila cheche kwake ikawa tarakimu inayoruka kwenye mita yetu ya volti.

“Mzee wangu, tusaidie dakika chache tu.”

“Mwanangu, geti la watu latakiwa saa nane. Na wewe wapima nini, mbona hakionekani?”

Sikuwa na la kumwonyesha. Iliyotuokoa ni adhana ya Ijumaa. Mzee akazima, akatawadha, akaenda msikitini. Hata trela za bandarini zikapungua barabarani. Sifuri ikatulia, upeo ukatulia, tukarudi kwa sifuri, ikawa palepale. Katikati, kwenye milimita 25, mita ikasoma 5.000.

Nikamwita meneja. Akaja, akaegemea meza kwa viwiko vyote viwili ili aone vizuri. Mita ikasoma 5.003.

“Nani ameigusa?” akauliza.