Bahari Isiyokupwa

Mtu wa Paje, Unguja, akitaka kwenda pwani huuliza jambo moja tu: maji yanakupwa saa ngapi? Akishajibiwa, mipango imekwisha. Maji yakitoka, wanawake wanashuka kwenye mashamba ya mwani na watoto wanakimbilia mwambani kuokota chaza. Maji yakijaa, anayetaka kuoga anaoga. Mama yangu ameishi hivyo umri wake wote hadi alipokuja kukaa nasi Houston, kwa hiyo Baba Nasra alipotutangazia mezani kwamba Desemba tunapanda meli ya kitalii kwenda Karibiani, Mama hakuuliza bei wala chakula.

"Huko maji yanakupwa saa ngapi?"

Baba Nasra ni mhasibu, na swali lilimwingia moyoni. Tayari alikuwa na jedwali kwenye kompyuta, lenye safu ya bandari, safu ya usafiri, safu ya mafuta ya jua na safu ya "dharura" aliyoipaka rangi nyekundu. Akaongeza safu ya maji kupwa na kujaa. Siku ya pili yake akaja na majibu: katika visiwa vile maji hupanda na kushuka chini ya nusu mita, wakati Unguja siku za bamvua tofauti hufika mita nne. Alisoma kwa fahari, kana kwamba bahari ile ameituliza yeye.

Mama alimtazama kwa huruma. "Bahari isiyokupwa, mwanangu, hilo ni bwawa," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Kwa asiyewahi kupanda meli hizi, siku ya pwani ni foleni ndefu yenye bahari mwishoni. Ratiba inasema meli itafunga gatini saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, nawe unahesabu saa tisa za kulala mchangani. Haya, toa muda wa kusubiri wenye mamlaka ya bandari waridhike. Toa foleni ya lifti, maana watu elfu tatu na ushei wameamua kushuka dakika ile ile na nusu yao wamebeba maboya yaliyokwishajazwa upepo. Toa foleni ya kadi mlangoni, toa gati lenyewe, ambalo limepitishwa makusudi katikati ya maduka ya saa na vikombe, toa basi, toa kurudi. Na meli inawataka nyote muwe ndani nusu saa kabla ya kuondoka. Baba Nasra alipomaliza kutoa zikabaki saa nne na kidogo. Na hapo alikuwa bado hajatutoa sisi wenyewe.

Kisha kuna suala la taulo. Meli inakupa taulo za pwani, zinaandikwa kwenye kadi ya chumba, na isiyorudi unatozwa dola ishirini na tano. Baba Nasra alitusomea sharti hilo mara moja. Mama alilishika kama amana ya mayatima. Taulo zetu tano alizihesabu asubuhi, akazihesabu ndani ya basi, akazihesabu tukiwa majini kwa kutukaripia kutoka nchi kavu tumwambie iko wapi ya Idi. Kuzilalia alikataa katakata. Taulo za watu hazichafuliwi. Alitandika kanga zake, sisi tukajifutia kanga zake, na taulo zikakaa pembeni, kavu, zimekunjwa, zina mlinzi.

Bandari ya kwanza ilikuwa Falmouth, Jamaica, baada ya siku mbili za maji matupu tangu Galveston. Jedwali lilikuwa na kila kitu isipokuwa kaptula ya Idi. Idi ana miaka kumi na sita na amekulia Texas, ambako mtu huingia dukani kununua maziwa akiwa amevaa mabaka ya kijeshi juu hadi chini na hakuna anayegeuka. Jamaica raia kuvaa mabaka hayo ni kosa kisheria, kama ilivyo Tanzania. Mfanyakazi wa meli alimwona pale pale mlangoni, akamwambia kwa upole arudi akabadilishe. Kurudi maana yake kuipanda foleni kinyumenyume, sitaha saba, lifti zote zikiwa zinashuka zimejaa.

"Kwetu ungelipigwa virungu kwanza, ndipo uambiwe kosa," Mama alimwambia mjukuu wake, akijaribu kumfariji.

Falmouth ni mji wa kale wenye majumba mazuri, ila mtu wa kuoga hupanda basi kwenda Montego Bay. Njiani Mama alifurahi kuona magari yanapita kushoto. Alisema tangu aende Marekani hii ndiyo mara ya kwanza kumwona dereva mwenye akili. Tukashuka Doctor's Cave, ufukwe ambao daktari mmoja aliutoa mwaka 1906 kwa ajili ya klabu ya kuogelea. Zamani mtu aliingia baharini kwa kupitia pangoni, ndiyo asili ya jina. Baba Nasra alieleza kwamba pango lilibomolewa na kimbunga mwaka 1932.

"Kwa hiyo pango halipo," Mama alisema.

"Halipo, Mama."

"Na hapo mlangoni wanauza tiketi."

"Ndiyo."

"Ya kuingia pwani."

Baba Nasra alilipa haraka haraka akiwa amempa kisogo. Nilimwona Mama anatazama zile noti zinavyohesabiwa, na najua alikuwa anapiga hesabu ya Paje yote, kutoka Bwejuu hadi Jambiani, na watu wote walioingia bure tangu dunia iumbwe.

Hata hivyo, mchanga ni mweupe na maji ni safi mno, sitayasema vibaya. Tatizo lilikuwa mahali pa kukaa. Baba Nasra alichagua viti karibu na maji. Mama alitazama ule mstari wa mawimbi, akatazama mchanga, akaamuru tuhame. Maji yanakuja, alisema. Tukahama. Alipoona pale napo hapamridhishi tukahama tena, hadi tukawa tumeegemea ukuta, jirani na vyoo, na bahari tunaiona katikati ya miguu ya watu. Pale tulikaa tunasubiri maji yajae. Hayakujaa. Kila baada ya muda Mama alinyanyuka kwenda kukagua, akirudi anasema, "Bado." Palikuwa na utepe mwembamba wa mwani wa kahawia ukingoni, ule ambao tangu 2011 umekuwa ukiwasumbua Wakaribiani kwa kuletwa na bahari mafungu kwa mafungu. Baba Nasra alikuwa ameufuatilia kwa picha za setilaiti wiki nzima na alikuwa ameuogopa kuliko papa. Mama aliokota shada moja, akalifikicha, akalinusa, akalikata kwa kucha ya kidole gumba na kutazama vile vifuko vyake vya hewa.

"Huu haupandwi?"

"Unakuja wenyewe, Mama. Wanalipa watu kuutupa."

Alilirudisha shada majini taratibu. Hakuzungumza mpaka ndani ya basi, ambako alihesabu taulo.

Grand Cayman ndiyo bandari ambayo Baba Nasra aliipenda zaidi, ilikuwa na kurasa tatu peke yake. George Town haina gati la meli kubwa. Meli hutia nanga nje na abiria huteremshwa kwa boti. Kwa hiyo palikuwa na hesabu ya namba za boti, hesabu ya kuwaona taa kwenye maji ya kiunoni, na hesabu ya Seven Mile Beach, ufukwe wa maili saba ambao haufiki hata maili sita, jambo ambalo Baba Nasra alilithibitisha kwa kuupima kwenye ramani. Asubuhi hiyo tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya namba, tumepakwa mafuta ya jua hadi masikioni, nahodha alipotangaza kwamba upepo umezidi, boti haziwezi kushushwa, hatusimami. Kisiwa kilitupita upande wa kushoto kama daladala iliyojaa inavyokupita kituoni. Ulikuwa ni upepo wa baridi wa kaskazini, ule ambao majira hayo huanzia bara la Marekani, hupita Texas na kuivuka Ghuba ya Meksiko. Yaani tumelipa pesa kuukimbia, nao umetufuata kutoka mlangoni kwetu. Aprili 2025 Wakayman walipiga kura ya maoni kuhusu gati la meli za kitalii, wengi wakakataa. Baba Nasra alizipokea habari hizo nyumbani kwa ukimya, kama mtu aliyeshindwa kesi.

Likabaki tumaini moja na kurasa mbili: Cozumel.

Hapa lazima nieleze habari ya saa, maana ndiyo iliyotukimbiza. Meli yetu ilibaki na saa ya Galveston safari nzima. Cozumel iko jimbo la Quintana Roo, ambalo tangu 2015 halibadilishi saa, na wakati wa baridi linakuwa mbele ya Texas kwa saa moja. Ukiuliza saa ngapi, kuna jibu la meli na jibu la kisiwa. Kwetu kulikuwa na jibu la tatu, kwa sababu saa ya mkononi ya Mama haijawahi kutoka Unguja. Jamaica tulisalimika kwa vile Baba Nasra alivaa saa yake, ameitega kwa saa ya meli. Cozumel aliiacha chumbani isije ikala chumvi.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri hadi nikaanza kuwa na wasiwasi. Tulipata viti chini ya kivuli, mita chache kutoka kwenye maji, na safari hii Mama hakutuhamisha. Alikwisha kuidharau bahari ile. Aliingia na dira lake na kanga kiunoni, akakaa kwenye maji ya magoti na Nasra, wakatoka wamelowa chapa. Idi alikula samaki wa kukaanga sahani mbili. Ndipo Baba Nasra akaamua kumtumia kaka yake aliyeko Muscat picha. Akawasha simu. Simu ikakamata mnara wa kisiwa, ikajirekebisha saa yenyewe bila kumuuliza mtu.

Meli ilitutaka ndani saa kumi na nusu. Simu ilisema saa kumi na dakika tano.

Sijawahi kumwona mhasibu akipiga kelele namna ile. Tulikusanya viatu, vikapu, watoto. Mama alizoa taulo. Alitazama kivuli cha mwavuli mchangani, akasema, "Alasiri ndiyo kwanza inaingia, mnakimbilia wapi?" Hakuna aliyemjibu. Teksi ikatufikisha, na tukaanza kulikimbia gati lililonyooka kwenda baharini, refu lisilo na huruma.

Kwenye meli hizi kuna burudani moja isiyoandikwa kwenye ratiba. Jioni abiria husimama kwenye roshani na vinywaji vyao kuwatazama waliochelewa wakikimbia gatini, wakawapigia makofi na miluzi. Makofi tuliyasikia. Mbele Baba Nasra na vikapu, nyuma yake Idi amembeba mdogo wake mgongoni, mimi na viatu vya watu wanne, na mbali kabisa Mama, anatembea mwendo wake wa kwenda harusini, taulo zimejaa kifuani hadi kidevuni. Tulipowapita mzee mmoja na mkewe wanaokula aiskrimu walitutazama, wakatazamana, nao wakaanza kukimbia. Nyuma yao wakakimbia wengine. Tulipofika mlangoni tulikuwa kundi zima, watu tusiojuana, tunahema, na mzee wa watu aiskrimu imemfika kwenye kiwiko.

Mlinzi alitutazama, akageuka kutazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini na tano.

"Mmewahi," alisema.

Hapo tukaanza kutoa kadi. Wote tulikuwa nazo isipokuwa Mama, na Mama alikuwa nayo ila aliifunga kwenye pindo la kanga, mahali ambapo amefunga pesa zake tangu akiwa mwari. Fundo lilikuwa limeingia baharini likajikaza. Mama akajaribu kwa kucha. Akajaribu Baba Nasra. Foleni, ambayo nusu yake tumeileta wenyewe kwa mbio, ikazidi kurefuka. Mlinzi akachukua mkasi kwenye droo, na hapo Mama akarudi hatua moja nyuma na kuikumbatia kanga yake. Ilikuwa doti mpya. Alilipeleka fundo mdomoni, akaling'ata upande wa gego, akalivuta, akapumzika, akalivuta tena, huku macho yake yakimwangalia mlinzi moja kwa moja. Mashine ilipolia kuikubali kadi, ina alama za meno, watu wa nyuma walishangilia.

Taulo tulizipeleka juu, karibu na bwawa. Kijana wa kaunta akazihesabu, akatazama kompyuta yake, akazihesabu tena. Alituambia kwamba tulichukua tano na tumerudisha sita. Mahali fulani ndani ya meli ile palikuwa na mtu anatafuta taulo yake. Baba Nasra alifunika uso kwa mikono. Mama akataka atafsiriwe kijana anasemaje, nikamtafsiria.

"Imezidi moja?" aliuliza. "Basi mwambie sisi ndio tunawadai. Dola ishirini na tano."