Soksi za Marembo kwa Mashine: Mwongozo kwa Wenye Subira na Pesa

Sharti la kwanza la kufuma soksi za marembo kwa mashine ya mviringo ni kutokuwa na haja ya soksi. Mwenye miguu inayoganda leo, theluji ikiwa imejaa nje ya mlango wake Toronto au Minneapolis, aende dukani anunue pea sita zilizofungwa pamoja, arudi nyumbani alale. Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kuwa na soksi za kutosha, mwenye meza nzito, na mwenye familia isiyouliza kwa nini baba au mama anagombana na chuma.

Mashine usiitafute mpya. Zipo, zinatengenezwa hata leo, lakini mpya haina hadithi ya kuwasimulia wageni. Tafuta ya zamani: Creelman iliyotoka Georgetown, Ontario, Gearhart ya Clearfield, Pennsylvania, au Auto Knitter ya Buffalo, New York. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotufaa zaidi kitabia. Miaka ya 1920 kampuni yake iliwatangazia watu kwamba wangeweza kujipatia kipato bila kutoka nyumbani: nunua mashine, fuma soksi, tuletee, sisi tutazinunua, mradi ziwe zimefikia kiwango. Msomaji aliyewahi kualikwa kwenye semina ya ufugaji wa kware ataitambua biashara hiyo bila kuelezwa zaidi. Shida yote ilikaa kwenye kile "mradi". Nadhani ndiyo sababu mashine za umri wa karne nzima bado huokotwa darini zikiwa ndani ya masanduku yake, pamoja na kitabu cha maelekezo ambacho mtu alikifungua mara moja akakifunga.

Ukishaikaza mezani, ijue. Ni silinda ya chuma yenye mifereji iliyosimama wima, mara nyingi 60, 72 au 80, na kila mfereji una sindano yake. Juu ya sindano pana ndoano, na chini ya ndoano ulimi mdogo unaofunguka na kujifunga. Sindano ya namna hiyo ilipewa hataza Uingereza katika miaka ya 1840, kwa jina la Matthew Townsend wa Leicester, na ndiyo iliyomwezesha asiyejua kufuma afume. Ukizungusha mkono wa mashine, ganda la nje huizunguka silinda, likipandisha na kushusha sindano moja baada ya nyingine, na kila moja huvuta uzi mpya kupitia kitanzi cha zamani. Mzunguko mmoja, safu moja. Fundi aliyeizoea hutoa soksi nzima kwa chini ya saa moja. Wewe si fundi aliyeizoea.

Chini ya silinda huning'inizwa vyuma vizito ili kilichofumwa kivutike sawasawa. Vyuma hivyo vina kazi ya pili: uzi ukikatika, au fundo likikwama, vitanzi vyote huachia sindano na soksi yako hushuka sakafuni nzima nzima, na vyuma vyake. Usiite mtu. Okota, anza upya, na wakiuliza kilichoanguka, sema ni sufuria.

Sasa marembo, na marembo yana vyeo. Cheo cha chini ni uzi uliotiwa rangi vipande vipande tangu kiwandani, unaojibadilisha wenyewe kadiri unavyozungusha. Hufanyi lolote na sifa zote unapewa wewe. Ni njia bora kuliko zote, na kwa sababu hiyo hiyo hatutaizungumzia tena.

Kinachofuata ni mistari. Unasimamisha mkono, unakata uzi mwekundu, unaunga mweusi, unaendelea. Tatizo ni kwamba mashine haifumi pete. Inafuma mzunguko usiokatika, kama ngazi ya ndani ya mnara: safu ikimalizika imeshapanda hatua moja juu ya ilipoanzia. Kwa hiyo kila mstari huacha kidaraja pale ncha zake zinapokutana. Kipange kikae nyuma ya mguu, ambako wewe hukioni, na watu wenye adabu hawatakitaja.

Cheo cha tatu ni madoadoa, na hapo walau mashine inashiriki. Fuma safu mbili nyeusi. Nyanyua kila sindano ya nne ikae juu, nje ya kazi. Badilisha uzi, fuma safu mbili nyekundu. Zile ulizozinyanyua zitabaki zimeshika vitanzi vyao vyeusi, na wekundu utajilundika nyuma yake. Zishushe, rudi kwenye weusi, na doa jeusi litakuwa limevuka mstari mwekundu bila wewe kuelewa vizuri limepitaje. Usizidishe safu tatu. Uzi uliolundikana huwa mzito, na sindano hugoma.

Halafu kuna picha, na picha ndizo zilizokuleta hapa. Mtindo wa kisiwa cha Fair Isle, huko Shetland, kaskazini ya Scotland, unataka rangi mbili tu katika safu moja: moja ikifuma, nyingine ikipita nyuma ikingoja zamu. Wafumaji wa kisiwani waliyafanya hayo kwa sindano za mkononi, wakapata sifa dunia nzima. Mashine yako haijui kungoja zamu. Inaipa uzi ule ule kila sindano inayokutana nayo. Kwa hiyo kinabaki kidole. Sukuma sindano juu mpaka kitanzi kiteremke chini ya ulimi, laza uzi wa rangi unayoitaka kwenye ndoano, irudishe sindano chini. Hiyo ni moja. Kwenye silinda ya 72, zimebaki 71. Rembo la safu 30 ni sindano 2,160 kwa soksi moja, na muda wote huo mkono wa mashine umesimama unakutazama. Chombo kilibuniwa kiondoe kazi ya vidole. Kwa kuomba rangi ya pili umeirudisha kazi yote, ukaongezea kilo kadhaa za chuma. Yule fundi wa sweta za shule mtaani kwenu, anayeamka na mashine yake bapa kila Januari, usimwonyeshe ukurasa huu.

Nyuzi zinazopita nyuma ya picha usiziache ndefu. Zikivuka sindano nne au tano bila kushikwa, kidole gumba kitaingia humo asubuhi unayowahi basi. Wala usizikaze, maana uzi uliokazwa hautanuki, na soksi itakomea kwenye kisigino.

Kisigino chenyewe hakizungushwi. Nyanyua nusu ya sindano, kisha peleka mkono mbele na kuurudisha, kila safari ukinyanyua moja zaidi, mpaka katika 36 zibaki kama 12. Halafu zirudishe kazini moja moja. Katikati ya hesabu hiyo mtoto ataingia kuuliza kuna nini cha kula. Kifume kwa rangi moja. Wakiuliza marembo yameishia wapi, sema ndiyo mtindo.

Ncha ya vidole hufumwa vivyo hivyo, kisha huzibwa kwa sindano ya kushonea, kitanzi kwa kitanzi, pasiwe na mshono wa kuumiza. Kwa Kiingereza uzibaji huo huitwa Kitchener, kwa heshima ya waziri wa vita wa Uingereza aliyehimiza askari wafumiwe soksi mwaka 1914. Inasimuliwa hata kwamba aliubuni uzibaji huo mwenyewe. Jaribu kumwona jemadari yule na masharubu yake, soksi mapajani. Pwani yetu ilimjua kwa kazi nyingine. Mwaka 1885 alitumwa kwenye tume iliyokuja kupima mipaka ya Sultani Barghash wa Zanzibar huku bara, na hesabu zilipofungwa mwaka uliofuata, Sultani aliachiwa mwambao wa upana wa maili kumi. Aliyeshiriki kukata namna hiyo ndiye aliyepewa jina la kuunga.

Soksi ya pili ifume siku hiyo hiyo, kabla mkono haujasahau ulivyokaza uzi. Ukilala kwanza, moja itakuwa ya mguu na nyingine ya kiganja. Mashine isikazwe kwenye meza ya kulia chakula. Na mafuta yake yawe ya cherehani, si ya kupikia.