Sifa za Injini Isiyopata Moto

Injini inayochelewa kupata moto ina hitilafu yenye adabu kuliko zote za gari. Haigongi, haimwagi oili barabarani, wala haimwachi abiria katikati ya Hifadhi ya Katavi, kati ya Sitalike na Kizi, akiangaliana na nyati. Huwaka kila asubuhi, hubeba mzigo wake, na mshale wa temperecha hulala chini kabisa, mahali ambapo mwenye gari hupenda kuuona. Mjini Mpanda, mkoani Katavi, jua la Oktoba halina mzaha, na karibu kila dereva ana kisa cha gari lililochemsha njiani. Mshale uliolala hapo huchukuliwa kuwa ndiyo afya yenyewe. Hitilafu nyingine hutafutiwa dawa. Hii hujivuniwa kijiweni.

Injini nzima ya petroli hufikia joto lake la kazi, takriban nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi, baada ya dakika tano hadi kumi za mwendo. Anayesimamia jambo hilo ni themostati, kifaa kinachotosha kiganjani, chenye kikombe cha nta ndani yake. Maji yakiwa baridi kifaa hufunga njia, na maji huzunguka ndani ya injini tu bila kupitia kwenye rejeta. Nta ikipata joto huyeyuka na kutanuka, husukuma pini, na njia ikafunguka. Namba iliyogongwa kwenye bati lake, mara nyingi 82 au 88, ndiyo joto ambalo huanza kufunguka. Hakuna waya wala kompyuta. Mmarekani Sergius Vernet alibuni mtindo huu wa nta katika miaka ya 1930, na magari mengi bado yanautumia.

Injini baridi hustawi Katavi kwa sababu moja kubwa: themostati haipo. Imetolewa. Maji ya kisima yanayomiminwa kwenye rejeta badala ya kulanti huleta kutu na magadi. Kutu huikwamisha themostati ikiwa imefunga. Gari huchemsha, gasketi ya silinda hedi huungua, na spea ikikosekana madukani inabidi kuagizwa kwa basi. Fundi aliyeyaona hayo mara nyingi hufanya uamuzi wa kiutu uzima: huing'oa themostati, hufunga bolti mbili na kurudisha gari. Hoja yake ni ngumu kuivunja, kwani mlango usiokuwepo hauwezi kukwama.

Tangu siku hiyo baraka huanza kumiminika. Dereva anayesubiri injini ipate moto alfajiri ya Julai ana ruhusa halali ya kumaliza chai na chapati mbili, na majirani wote wanajua kwamba ameamka. Dizeli ya zamani hutoa moshi mweupe kwa muda mrefu kuliko kawaida, jambo ambalo mbu hawalifurahii. Wauza petroli ndio hasa wanaopaswa kuchangia mnara wa kumbukumbu: kompyuta ya injini, ikiona maji bado ni baridi, huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, hata kama limeshatoka Mpanda na linakaribia Sitalike. Petroli isiyoungua huacha masizi kwenye plagi, na nyingine hupenya pembeni mwa ringi hadi kwenye oili. Hapo ndipo muujiza hutokea. Magari mengine hupunguza oili, hili huongeza. Kijiti cha kupimia huonyesha kiwango kimepanda, na harufu ya petroli iliyomo humthibitishia mwenye gari kwamba hakuibiwa kituoni. Kuta za silinda zinazosuguliwa na oili iliyochujuka namna hiyo hazina mdomo wa kulalamika, angalau hadi siku ya kushusha injini.

Fadhila ya juu kabisa iko kwenye injini ambazo themostati yake imewekwa upande maji yanapoingilia, kama ile ya 1NZ iliyomo kwenye Probox na IST nyingi. Humo themostati ina kazi mbili: ikifungua njia ya rejeta, huziba ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ikitolewa, njia zote mbili hubaki wazi. Asubuhi gari halipati moto. Likipanda kilima mchana likiwa limejaza watu na magunia ya mahindi, sehemu ya maji ya moto hukwepa rejeta na injini huweza kuchemsha. Hitilafu inayowapa watu baridi na moto kwa gharama ya operesheni moja si ya kubezwa.

Kuigundua kunahitaji subira kuliko vifaa. Ulaya habari humfikia dereva haraka, maana hita ya ndani humpulizia ubaridi miguuni. Mpanda kitufe cha hita hukumbukwa tu gari likichemsha, ili kuvuta joto kutoka kwenye injini. Kwa hiyo kinachobaki ni mkono. Injini iliyolala usiku kucha huwashwa, na rejeta hushikwa kila baada ya dakika moja au mbili, mbali na feni. Themostati ikiwa nzima, rejeta hubaki baridi kwa muda, kisha hupata joto kwa ghafla. Joto likianza kupanda taratibu tangu mwanzo, themostati imekwama wazi au haipo. Mashine ya kupimia ikichomekwa kwenye gari la kisasa mara nyingi hutoa namba P0128, maana yake maji hayajafika joto linalotakiwa kwa wakati.

Themostati yenyewe hupimwa kwa kutolewa na kutumbukizwa kwenye sufuria ya maji yanayochemshwa jikoni, pamoja na kipimajoto. Ya nyuzi 82 huanza kufunguka karibu na hapo, na zile za 1NZ hutakiwa kuwa zimefunguka vya kutosha maji yakifika 95. Mpanda, ikiwa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo kipimo kinawezekana kwa kubana. Sumbawanga, iliyo juu zaidi, maji huchemka kabla ya kufika 95, na themostati isiyo na kosa inaweza kuhukumiwa kwa sababu ya mlima.

Ikiwa kosa si la themostati, hutazamwa feni iliyoungwa moja kwa moja ili izunguke muda wote, kapulingi ya feni iliyoshikana, maji yaliyopungua hadi sensa ikabaki hewani, au sensa yenyewe inayodanganya ilhali injini ina moto wa kutosha.

Dawa ni themostati mpya na kulanti badala ya maji ya kisima. Mshale hupanda hadi katikati na kutulia hapo. Mwenye gari, ambaye hajawahi kuuona ukifika huko, hurudi gereji siku hiyohiyo kulalamika kwamba gari limeanza kuchemsha, naye fundi huchukua spana ya kumi na mbili na kuitoa themostati tena.