Muziki Mpya Uko Katavi: Tunahesabu Kutoka Saba Hadi Moja

Mtu akitajiwa Katavi anawaza viboko. Sawa, viboko tunao, na kiangazi Mto Katuma ukipungua maji wanabanana kwenye matope mpaka mmoja anakosa pa kuweka mguu. Lakini watu pia tunao. Sensa ya 2022 ilikuta mkoani hapa watu 1,152,958, ilhali mwaka 2012 walikuwa 564,604. Mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka huohuo wa 2012 umejaa maradufu. Wengi ni wakulima na wafugaji waliotokea Usukuma na Unyamwezi, na sijamwona Msukuma aliyehama na ng'ombe wake akaziacha nyimbo nyuma.

Muziki ninaouongelea ni muziki huru: hauna kampuni, hauna ofisi ya ghorofani, hauna meneja mwenye miwani nyeusi. Mwimbaji anauza gunia la mpunga, analipia studio, anapigwa picha za video shambani, kisha anausambaza wimbo wake mwenyewe. Haujafika kwenye chati za Dar es Salaam, na hasara ni ya chati. Basi hapa kuna mahali saba pa kuusikia, tukianzia mwisho. Ruksa kubisha, ila sikiliza kwanza.

7. Ndani ya bajaji, Mpanda mjini

Singeli! Panda bajaji yoyote kati ya stendi na soko, na kabla hujauliza nauli umeshatikiswa mbavu. Muziki huu ni wa Tandale, Manzese na Mburahati, kule Dar es Salaam. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na hapo ndipo kumbi za Ulaya zilipogundua kuwa hazijui kucheza haraka. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji bendi: kompyuta moja, programu moja, na kijana mwenye pumzi. Kijana wa Makanyagio anaweza kuanza leo jioni. Naupa namba saba kwa sababu bado ni mgeni hapa. Ukipata mtoto mzaliwa wa Mpanda utapanda daraja, naahidi.

6. Karema na Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ng'ambo ya pili ni Kongo, kuna Moba na Kalemie. Magitaa ya kule yanavuka na wavuvi na wafanyabiashara wa dagaa, na hakuna afisa forodha aliyewahi kulizuia sebene. Nenda jioni mitumbwi ikiwa inaandaliwa, kaa karibu na mwenye spika. Dagaa nunua pia, usiende kusikiliza bure.

5. Redio ya jamii

Mpanda Radio FM ipo, na redio ya jamii ina kitu ambacho simu yako haina: inasikika kwa mtu asiye na bando. Mkulima wa Kakese anaisikia akipalilia, mama ntilie anaisikia akikaanga samaki.

Hapa naomba tujifunze kwa watu wa mbali. Australia, redio ya taifa ya vijana iitwayo triple j ilianzisha mwaka 1995 mpango wa Unearthed, wa kuwatafuta wasanii wasio na kampuni, hasa wa miji midogo iliyo mbali na Sydney na Melbourne. Baadaye ukahamia mtandaoni: msanii anapandisha wimbo wake mwenyewe, watangazaji wanasikiliza, unaofaa unachezwa nchi nzima. Missy Higgins alishinda mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi, na leo ni jina kubwa kwao. Mwanafunzi, jamani! Sisi tuna wanafunzi wangapi Mpanda wanaoimba bafuni?

Redio zetu za jamii zinaweza kufanya hivyohivyo kwa saa moja tu kila wiki, nyimbo za Katavi peke yake, na kila wimbo ukitajiwa mwenyewe. Na mlango huo ukifunguka, waanze kuingia wazee wa Kibende, Kipimbwe na Kikonongo. Ngoma zao ndizo za wenyeji wa ardhi hii, na hazijarekodiwa vya kutosha. Mzee akifariki kabla hajarekodiwa, hakuna programu ya kumrudisha.

4. Katumba na Mishamo

Makazi haya yaliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa asili hiyo, wa hapa na wa Ulyankulu kule Tabora, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Sisi wa huku hatukuhitaji kusubiri UNESCO: ngoma ile ikipigwa, kifua chako kinakuambia chenyewe.

Kinachonivuta zaidi Katumba ni vijana wa kwaya za kilokole. Ubeti wa kwanza Kirundi, wa pili Kiswahili, kinanda cha umeme kinakimbia, na sauti nne zinapangana bila mtu kuangalia karatasi. Wajukuu wa wakimbizi wanaimba kama wenye nyumba, kwa sababu ndio wenye nyumba. Ukipata ibada yenye kwaya mbili, usiondoke baada ya mahubiri.

3. Mazoezi ya kwaya, popote

Utasema kwaya si muziki huru. Nani kakuambia? Kwaya inatunga nyimbo zake, inachangishana pesa za studio, inashona sare zake, inarekodi video yake, kisha inaalika mgeni rasmi kuzindua albamu. Nakala ya kwanza inapigwa mnada, mgeni rasmi anajikuta ameinunua kwa bei ya mbuzi wawili, na anatabasamu. Hakuna msanii huru nchi hii aliyejipanga hivyo.

Huku mizizi ni mirefu. Mapadre wa White Fathers walifika Karema mwaka 1885, na tangu siku hizo watu wanaimba. Jimbo Katoliki la Mpanda lenyewe lilizaliwa mwaka 2000. Watunzi wa Kikatoliki nchini huweka nota zao kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, bila malipo, hivyo wimbo uliotungwa kwenye parokia ya mbali unaweza kuimbwa Mpanda Jumapili inayofuata. Kama hujui pa kuanzia, nenda kwenye mazoezi, siyo misani. Kwenye misa utasikia wimbo uliokwisha kuiva. Kwenye mazoezi utamsikia mwalimu akiwasimamisha besi mara ya nne kwa noti moja, na utaelewa kwa nini Jumapili ulitokwa machozi.

2. Kibanda cha kuweka nyimbo

Karibu dukani! Meza moja, kompyuta moja yenye vumbi kwenye kibodi, spika mbili zilizotazama barabarani, na kijana ambaye kichwani ana mafaili mengi kuliko kompyuta yake. Unampa memori kadi au flashi, unamtajia unachotaka, yeye anabofya. Kwenye kioo unaona folda: Kwaya, Singeli, Za Zamani, Kisukuma Mpya. Ile ya mwisho ndiyo inayokua kila wiki, na ndiyo unayoitaka.

Mwulize swali moja: "Wiki hii watu wanataka nani?" Atakujibu papo hapo, maana ndiye mwenye chati ya kweli ya mkoa huu. Mteja wake anatoka Inyonga au Mwese na anarudi kijijini, ambako intaneti inakuja na kuondoka ipendavyo. Wimbo ukiingia kwenye kadi yake, kesho unalia kwenye sabufa ya kijiji kizima. Reli ya kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, leo inaleta abiria wenye nyimbo za Tabora mifukoni.

Lipo jambo linaloniuma hapa, na lazima niliseme: kwenye nakala ile mwimbaji hapati hata shilingi. Haki yake ipo kisheria, lakini pesa inaishia mezani. Wengi wao wameamua kuifanya nakala kuwa tangazo, ndiyo maana ukitazama video utaona namba ya simu imeandikwa pale chini. Namba ile ndiyo mshahara. Watu wanaipiga kumwita mwimbaji kwenye shughuli iliyo namba moja ya orodha hii.

1. Harusi ya Kisukuma baada ya mavuno, Mpimbwe

Tumefika! Nenda Majimoto, Mamba au Usevya kiangazi, mpunga umeshavunwa, bei imeshajulikana, na kila familia iliyokuwa na mchumba wa kuoa inaoa. Hapa muziki unaagizwa. Mwenye harusi anamlipa mwimbaji atunge ujumbe: majina ya ukoo, rafiki wa baba, ng'ombe waliotolewa, majirani waliokuja kusaidia kulima. Wimbo unarekodiwa, unapanda YouTube ukiwa na jina la mwimbaji, la aliyeagiza na la studio, mara nyingi Lwenge Studio. Ndivyo walivyovuma akina Bhudagala Mwanamalonja na Ngelela, majina yanayojaza uwanja popote penye Wasukuma, bila kupitia mlango wa kampuni yoyote ya Dar es Salaam.

Siku yenyewe, kinanda kinaanza kasi, wacheza shoo wanaingia mstari mmoja, mabega yanatikisika mpaka unasahau wana miguu. Mwimbaji anataja jina lako. Umekwisha! Unasimama, unacheza mpaka mbele, unamtunza noti, anakutaja tena pamoja na mjomba wako, na sasa mjomba naye lazima asimame. Umati wote unajua nani katoa nini. Huo ndio uchumi wa muziki huru, na unafanya kazi bila algorithimu.

Wala haukuanza jana. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Usukuma, vimeshindana tangu karne ya 19: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu wanapokimbilia ndiko ushindi uliko. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wanaocheza na nungunungu, wapo wa bugobogobo wanaorusha majembe. Vinanda vimebadilika, lakini hakimu ni yuleyule: miguu ya watazamaji.

Kwa hiyo ndugu msomaji, mavuno yajayo njoo. Chenji noti kubwa upate ndogondogo za kutunza. Video ikikupendeza, piga ile namba ya chini, umwalike mwimbaji kwenye sherehe yako. Na ukiomba wimbo redioni, mtaje mwimbaji kwa jina lake kamili na kijiji anakotoka.