Hotuba ya Bingwa wa Vibonzo, Kengeleni

Waheshimiwa wazee wa Frere Town, kina mama, nanyi vijana wa bodaboda ambao nawaomba mzime injini kwa heshima ya elimu: aliyesimama mbele yenu ni Profesa. Uprofesa huu sikupewa na chuo. Vyuo vilichelewa, nikajipa mwenyewe.

Mada ya leo ni jinsi ya kugeuza hadithi fupi ya kale kuwa kitabu cha vibonzo. Wapo walionitangulia. Mwaka 1996 Godfrey Mwampembwa, yule Gado wa magazetini, alimchora Abunuwasi, na Sasa Sema ya Nairobi ikamchapisha. Kitabu kikaeleweka bila mhadhara. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo kasoro yake: sisi wataalamu tutakula wapi?

Mimi nimechagua kisa cha Kima na Papa, alichokichapisha Edward Steere mjini London mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja. Mnakijua. Kima anamrushia papa matunda ya mkuyu, wanakuwa marafiki, papa anambeba kumpeleka kwao. Baharini katikati anamtobolea siri: sultani wao mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao mioyo yao huiacha mitini, warudi wakauchukue wake. Papa anarudi. Kima anaparamia mti, na hashuki tena.

Steere alitosheka na maneno. Mimi nakirekebisha kisa kwa kanuni tatu.

Kanuni ya kwanza: msomaji asisumbuliwe kufikiri. Papa akiogelea, kiputo kiseme, "Naogelea." Chini yake tuandike, "Papa anaogelea." Pembeni, mshale.

Ya pili: uenyeji. Papa wangu atapita chini ya Daraja la Nyali. Na kengele yetu, iliyowaonya watumwa walioachwa huru wa misheni ya hapa Frere Town, iliyoanza 1875, kwamba wateka watu wanakuja, italia kumwonya kima kabla hajapanda mgongoni. Mbona basi anapanda? Kwa sababu ukurasa unaofuata nimeshauchora.

Ya tatu ndiyo kilele. Kima akisema moyo wake uko mtini, nitauchora, mwekundu, ukining'inia tawini.

Naam, mtoto wa pale mbele? "Profesa, kama moyo uko mtini kweli, kima amedanganya nini?"

Mwanangu, hujasoma nadharia. Kwa hiyo unataka nichore uso wa kima tu, na maji matupu pande zote? Hatari hiyo! Msomaji atauona uongo kwa macho yake, acheke kabla sijamweleza.

Maswali yamefungwa. Ada ya kozi italipwa kabla ya chai. Asiye na ada akamwombe bibi yake amsimulie kisa, huku yeye ameshika penseli, achore anachokisikia. Ila akifaulu, asithubutu kusema nilimfundisha mimi.