Senti Hamsini za Bure: Barua ya Wazi kwa Mtoza Kodi wa Minnesota

Kwa Mheshimiwa Mtoza Kodi,
St. Paul, Minnesota.

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Minneapolis, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Sisi hatujambo, ila baridi. Nimeshika kalamu ili nikushukuru, na kwa kuwa najua barua za shukrani hazimiminiki ofisini kwako, nakuomba uketi kwanza. Kwetu Kenya anayetubana kwa kodi tunamwita Zakayo, yule mtoza kodi wa kwenye Biblia, na hatumwiti hivyo kwa mapenzi. Mimi leo nimekuja na mengine.

Mheshimiwa, mimi ni mwanachama. Chama cha kuzikana ninacho, lakini hicho tunakutana, tunakula pilau, na mtu akifiwa tunachanga. Uanachama ninaousema ni wa duka la mtandaoni. Kila mwaka nalilipa ada ili liendelee kuniuzia vitu. Hatuna mwenyekiti, hatuna mkutano mkuu, na wanachama wenzangu siwajui isipokuwa kwa maboksi yao ukumbini. Haki yangu kubwa ni moja: mzigo unaletwa bure.

Nilikokulia, Majengo ya Mombasa, mwenye duka alikuwa akinipimia sukari kisha ananipa nyongeza, kipande cha sukari guru au peremende mbili. Hakuniuliza kadi. Laiti mama yangu angesikia kwamba kuna mtu analipia kuwa mteja, angemtumia maji ya zamzam.

Sasa tuje kwenye risiti. Jumamosi iliyopita mke wangu aliifungua kwenye simu, akavuta daftari lake. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo anavyonijibu kila ninapouliza kwa nini anaandika mpaka bei ya chumvi. Akaanza kunisomea kwa sauti ya karani wa mahakama. Viatu vya theluji vya mtoto, dola 65, kodi hakuna, kwa sababu Minnesota nguo na viatu vya kawaida havitozwi kodi ya mauzo, Mungu akuzidishie. Sufuria, dola 40. Kodi ya sufuria, asilimia 9.025 ya hapa Minneapolis, dola 3.61. Usafirishaji, sifuri. Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo, ada ya kufikisha mzigo: senti 50.

"Hebu soma tena hapo mwisho."

"Kusafirisha, sifuri. Kufikisha, senti hamsini."

"Basi nani kausafirisha, na nani kaufikisha?"

Hakunijibu. Aliandika senti hamsini, akapiga mstari chini yake.

Nilikasirika, Mheshimiwa, sikufichi. Kisha nikaenda kusoma sheria, na hasira ikageuka heshima. Tangu tarehe 1 Julai 2024, oda yoyote ya rejareja inayofikishwa kwa mteja wa Minnesota, vitu vyake vikifika dola 100 au zaidi, inadaiwa senti 50 kwa ajili ya barabara na usafiri. Vyakula vimesamehewa, dawa pia, na vitu vya watoto wachanga. Nguo, ambazo hazina kodi ya mauzo, kwenye hiyo mia zinahesabiwa. Colorado walikutangulia mwaka 2022, wakaanza na senti 27. Duka likitaka linaweza kuilipa ada hiyo lenyewe. Langu halikutaka.

Kwa hiyo wewe ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii kuniambia ukweli kuhusu neno bure. Duka linaniapia kwamba gari halina mafuta, dereva hana mshahara na shimo la barabarani halivunji springi. Sifuri, linasema. Wewe ukaja na kalamu yako ukaandika: hapana, kuna kitu kimepita barabarani hapa, angalau cha senti 50. Kwetu tunasema bure ghali. Wewe umeitilia hata bei.

Ila pana jambo nililigundua usiku huohuo, na dhamiri hainiruhusu kulinyamazia. Jirani yangu wa chini si mwanachama. Yeye hukusanya mahitaji ya wiki mbili, akayaagiza kwa pamoja ili afikie kiwango cha kusafirishiwa bila malipo. Oda yake inapita dola 100, gari linakuja mara moja, anakulipa senti 50. Mimi mwanachama sina haja ya kukusanya. Nikitaka, viatu vya dola 65 naagiza leo, sufuria ya dola 40 naagiza kesho. Vyote vinaletwa "bure", hakuna oda iliyogusa mia, na wewe hupati hata senti. Magari yamekuja mawili. Aliyeichosha barabara mara moja amechangia kuitengeneza, na aliyeichosha mara mbili amesamehewa.

Nilimwamsha mke wangu. Nikamwambia, hatimaye nimeiona faida ya uanachama! Tukapiga hesabu kwa ada ya Amazon Prime, kwa kuwa ndiyo inayojulikana na wengi: dola 139 kwa mwaka. Kila oda ninayoipasua vipande viwili inaniokolea senti 50. Ili ada irudi, yatakiwa niwe nimepasua oda 278. Na kwa kuwa kila moja lazima ingekuwa imefika dola 100, nitakuwa nimenunua vitu vya dola 27,800. Alilifunga daftari, akazima taa.

Hiyo ada ya 139, Mheshimiwa, haikuzaliwa na ukubwa huo. Prime ilianza Februari 2005 kwa dola 79. Ikawa 99 mwaka 2014, 119 mwaka 2018, 139 mwaka 2022. Njiani ikaongezewa filamu, muziki na mahali pa kuweka picha, kama mtu aliyekuja kukuuzia ng'ombe akakuongezea kuku, jogoo na redio, kisha akakudai bei ya redio. Ndiyo maana nakuonea huruma unapokaa kuamua uanachama kama huu utozwe kodi ya namna gani. Kuna majimbo yanayoitoza kodi ada yenyewe ya uanachama, na yapo yasiyoitoza. Ni usafirishaji? Ni sinema? Mimi ninayelipa sijui. Nadhani ni tabia, na tabia sijaona ikiwa na kifungu chake kwenye sheria.

Huruma yangu inatokana na historia yako pia. Kwa miaka mingi mlifanywa wajinga, wewe na wenzako wa majimbo mengine. Mwaka 1992 jirani yako North Dakota alikwenda Mahakama ya Juu kupambana na Quill, kampuni iliyouza vifaa vya ofisi kwa posta, akashindwa: muuzaji asiye na jengo wala mfanyakazi ndani ya jimbo halazimiki kukusanya kodi ya mauzo ya jimbo hilo. Maduka ya mtandaoni yakazaliwa ndani ya mwanya huo. Jeff Bezos mwenyewe, mwanzilishi wa Amazon, alieleza mapema kwamba alipoichagua Washington kuwa makao ya kampuni yake, alitazama pia uchache wa watu wa jimbo hilo, kwani wateja wa jimbo la nyumbani ndio waliopaswa kutozwa. Amazon ilikuja kutoza kodi katika kila jimbo lenye kodi ya mauzo Aprili 2017, baada ya miaka ya kuvutana na jimbo mojamoja. Juni 2018 jirani yako mwingine, South Dakota, akaishinda Wayfair, wauza samani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, na hukumu ya 1992 ikaangushwa. Ushindi ulitoka kwa Dakota nyingine, upande wa pili wa mpaka.

Na kabla ya hapo mlimtegemea nani? Sisi wanunuzi. Sheria ilitaka, na bado inataka, mtu aliyenunua bila kutozwa akae mwenyewe, ajumlishe, na akipita dola 770 kwa mwaka akuletee kodi kwa hiari. Wazo zuri sana. Ni kama kumwachia paka ufunguo wa kabati la samaki, pamoja na kalamu na karatasi ya kuandika amekula wangapi.

Nikiwa bado na nafasi yako, naomba ufafanuzi wa mambo ya jikoni. Nimesoma kwamba vyakula havina kodi Minnesota lakini peremende zinayo, na kwamba kitamutamu kikiwa na unga ndani, basi si peremende tena. Kwa hiyo chokoleti ya Twix, kwa sababu ya biskuti yake, ni chakula. Sina ugomvi na Twix. Lakini kashata za nazi, alizotulea nazo bibi, ni sukari na nazi tupu, unga hakuna. Kashata ni anasa? Visheti vina unga, vimepona. Halua inapikwa kwa wanga, na hapo ndipo tulipokaa mpaka saa sita usiku, mimi na shemeji, tukibishana kama wanga ni unga. Tumekuachia wewe. Pia nguo haina kodi ila kitambaa cha kushonea kinayo: jora la kitenge linatozwa, gauni la kitenge halitozwi. Je, doti ya kanga iliyokwisha pindwa, lakini haijakatwa, ni nguo au ni kitambaa? Mke wangu anasema aliyeandika sheria hiyo hajawahi kujifunga kanga, na mimi sikupata la kumjibu.

Utaniuliza kwa nini nisijitoe uanachama yakaisha. Mheshimiwa, kuingia ni kitufe kimoja. Kutoka ni safari. Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC, ilipoishtaki Amazon mwaka 2023, ilidai kwamba ndani ya kampuni njia ya kujitoa Prime ilikuwa na jina la Iliad, utenzi wa Wagiriki kuhusu vita vya Troya, vita vya miaka kumi. Septemba 2025 walipatana kwa dola bilioni 2.5, bila kampuni kukiri kosa, na bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kurudishiwa wateja. Mimi duka langu ni jingine, lakini utenzi naufahamu. Mwezi uliopita niliuanza. Kwenye ukurasa wa tatu nikaulizwa kama nina hakika, na kama nitaweza kuishi bila yote haya. Mtoto akalia, nikaweka simu chini.

Basi ombi langu ni fupi. Hesabu safari, acha kuhesabu dola. Gari likija mlangoni kwangu mara tano kwa wiki, nidai mara tano, hata kama ndani mna mswaki mmoja ndani ya boksi linaloweza kulaza mbuzi. Jirani yangu wa chini, anayesubiri na kukusanya, mpunguzie. Na kashata zisamehewe, hili naliomba kwa niaba ya bibi.

Ninapomaliza barua hii, kuna maboksi matatu mbele ya mlango wetu, theluji imeanza kuyafunika. Moja ni viatu. La pili ni sufuria kubwa zaidi, tuliyoiagiza baada ya kuirudisha ile ya kwanza Jumatatu. La tatu ni mfuniko wake, uliokuja peke yake, na gari lake. Hakuna hata moja lililofika dola 100.

Wako mtiifu,
Mwanachama