Hongera kwa Kupiga Laivu

Mrusi Leon Theremin alibuni mwaka 1920 ala ya umeme isiyoguswa: mpigaji hupunga mikono karibu na antena mbili, nayo inalia. Dunia ikashangaa. Masikini, haikufika Mwananyamala! Juzi staa wetu, kwenye shoo yake ya kwanza ya laivu, hakugusa gitaa wala kinanda. Flashi ilichomekwa kwenye kompyuta, bendi nzima ikalia. Maiki akaielekeza kwa mashabiki, na sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye. Wazee wa Msondo Ngoma, walioanza 1964 kama NUTA Jazz, walijitesa bure kukung'uta magitaa na kupuliza matarumbeta hadi mashati yakalowa. Ushamba! Hata ala ya Mrusi inadai mpigaji ajue muziki. Sisi tumeshavuka huko. Kiingilio tu ndicho kililipwa laivu.